Maji ya Pili ya Mchele

Wajukuu zangu wakienda dukani kununua sabuni ya uso, huinusa kwanza. Harufu ikiwapendeza wanalipa, wanarudi nyumbani, wanajisugua mpaka mashavu yanawaka, kisha wananiuliza kwa nini ngozi inawawasha. Mimi hucheka moyoni, maana namjua mtu ambaye angewapokonya sabuni ile na kuitupa majanini bila hata kuomba radhi. Sisi wa Ifakara tulimwita Mwoshaji. Alikuwa na jina lake kama watu wote, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, na sitalianza mimi leo.

Kazi yake ilikuwa kuosha watu. Aliosha vichanga siku ya kuzaliwa, aliosha wanawali waliowekwa ndani, aliosha wajane siku ya kumaliza msiba, na wanawake waliofariki aliwaosha yeye pia. Kwa hiyo ukimwona anakatiza uani na kibuyu chake mkononi, ilibidi uulize kwanza anakwenda kwa lipi, ndipo ujue kama upige vigelegele au ushike kichwa. Yeye mwenyewe alitembea mwendo uleule kwa mambo yote.

Kwangu mimi alikuja kwa ajili ya uso.

Nilizaliwa na ngozi korofi. Vumbi la kupepeta mpunga likinigusa, nawashwa. Moshi wa kuni mbichi, nawashwa. Jua la kiangazi likinipata mtoni, uso unaiva na kutoka vipele vidogovidogo mpaka watu wanakaa mbali nami kwenye jamvi. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliamini kwamba uso unaotoka vipele ni uso mchafu. Sabuni yetu ya siku zile tuliipika wenyewe kwa maji ya jivu na mafuta ya mbarika, sabuni nyeusi iliyoweza kung'oa utomvu wa ndizi kwenye nguo. Mama aliishika hiyo pamoja na dodoki, akanibana kati ya magoti yake. Kadiri nilivyowashwa ndivyo alivyosugua, na kadiri alivyosugua ndivyo nilivyowashwa. Tungeendelea hivyo mpaka leo.

Siku moja Mwoshaji alikuwa akitoka kuosha mtoto wa jirani, akasikia kilio changu, akaingia uani kwetu bila hodi.

"We mama, uso si chungu," alisema. "Unatafuta masizi gani humo?"

Mama akaanza kujieleza. Mwoshaji hakumsikiliza. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, kisha akaninusa shavu kama mtu anayekagua samaki. "Mke mwenzangu huyu anapikwa akiwa hai," alisema. Aliniita mke mwenzangu kwa sababu umri wake ulikuwa wa bibi yangu, na mabibi kwetu ndivyo wanavyowatania wajukuu wa kike, kwamba wameolewa na mume mmoja. Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine kwake.

Nisidanganye watu hapa kwamba alikuwa mpole. Alikuwa mkali, mbishi na msengenyaji. Aliosha nyumba zote, kwa hiyo alijua ya nyumba zote, na habari za huku alizifikisha kule zikiwa bado za moto. Alipenda ugoro kupita chakula. Pua yake ilikuwa ya kahawia tangu asubuhi, na mdomo wa juu vilevile, na hivyo ndivyo alivyoketi mbele yangu kunifundisha usafi wa uso. Nikimtazama sana pua ile alikuwa akisema, "Angalia uso wako. Huu wangu umekwisha kuolewa."

Lakini mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mdomo ukitukana, mikono haikusikia. Hakusugua, aligusa tu. Alichovya kitambaa cha zamani, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mbuzi, akakibonyeza shavuni, akakiacha kidogo, akakiondoa. Hakunifuta hata siku moja. Aliniacha nikauke kwa upepo, nikijaribu kujipangusa kwa kaniki niliyojifunga alinipiga vidole.

Kwake, kumtafutia mtu kitu cha kuoshea uso ilikuwa kazi ndefu, na hapo ndipo nilipomwona akiwa na subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo jingine lolote. Kila kitu kipya alikipaka kwanza ndani ya kiwiko changu, pale ngozi ilipo nyororo, kisha akaondoka zake. Nikimlilia anipake usoni leo leo, jibu lilikuwa moja.

"Kesho mkono utatuambia."

Na mkono ulituambia mengi. Udongo mweupe wa ukingoni mwa mto Lumemo, ambao wenzangu walijipaka wakapendeza, mkono wangu uliukataa kabla ya jua kuzama. Mafuta ya ufuta yalikubalika mkononi, ila yalivuta vumbi. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa pwani, wa wale waliokuja kununua mpira wa msituni, alitupa unga wa mti wenye harufu nzuri wanaojipaka wao. Huo ulinitoa malengelenge. Kisha mama akapata kwa mke wa askari kipande cha sabuni ya Kizungu, ya rangi ya waridi, iliyojaza harufu nyumba nzima. Mama alifurahi mno. Mwoshaji aliishika, akainusa mara kadhaa, akakunja uso.

"Hii inanukia kupita kiasi," alisema. "Inaficha nini?"

Mkono uliikataa hiyo pia. Mwoshaji akaiweka kibindoni, akasema anakwenda kuitupa mbali watoto wasiiguse. Baadaye nilikuja kuiona nyumbani kwake, imelazwa katikati ya nguo zake za sikukuu ili zinukie. Nilipomtazama alisema nguo hazina vipele.

Tulichofikia mwisho kilikuwa kitu tulichokimwaga kila siku. Mchele mpya, uliotwangwa siku hiyohiyo, ukioshwa, maji ya kwanza wape kuku, maana yana vumbi la kinu na pumba zinazokwaruza. Maji ya pili, meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji, hayo ndiyo. Ya tatu hayana kitu. Maji yenyewe yachotwe kwenye shimo lililochimbwa mchangani kando ya mto, yasichotwe mtoni kwenyewe mto ukiwa umejaa tope. Yapate vuguvugu la jua. Na yatumike siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala yanachacha na yakichacha yanauma. Haya yote alinikaririsha mpaka nikaweza kuyasema nikiwa usingizini. Mkono ulipoyakubali alinipaka usoni, na asubuhi ile niliyoamka bila kuwashwa nililia, nikamkimbilia mama nikamwambia anishike shavu. Alinishika, naye akalia. Hiyo ni neema ya kwanza niliyoipata kwa yule bibi, na kama ingekuwa ya pekee ningemshukuru maisha yangu yote.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kama ilivyo desturi. Mwali haonekani, haendi mtoni, hapikwi na jua. Anafundwa na kuoshwa mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Mwoshaji alikuja kila asubuhi na kibuyu chake. Nikiwa humo ndani, gizani, ndipo ikaanza kusikika habari ya maji mengine.

Watu walikuwa wamechoka. Kodi ya Mjerumani, pamba ya kulazimishwa, viboko vya askari, hakuna nyumba iliyokuwa haijaguswa. Wakaja wajumbe kutoka upande wa mashariki wakisema kuna dawa, na dawa yenyewe ni maji. Mtu akinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani ikimfikia inageuka maji. Bonde zima lilisisimka. Hata mimi niliyefungiwa nilisikia ngoma na nyimbo, na nyayo za watu wengi wakipita kuelekea Mahenge, kwenye boma la Wajerumani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mtoto wa kiume wa Mwoshaji, mtoto wake pekee, alikuwa mwingine. Asubuhi waliyoondoka Mwoshaji alichelewa kuja kuniosha, na alipokuja hakutukana mtu.

Dawa ilikuwa na masharti, na kila mjumbe alikuja na yake. Kwetu walisema nyumba yenye mwanamume vitani, waliobaki nao wapakwe usoni, na asioshe mtu uso mpaka wanaume warudi. Akiosha, amewafuta walioko njiani. Baba mkubwa, kaka yake baba, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mguu wake mbovu, ndiye aliyepaka nyumba yetu. Aliingia mpaka ndani kwangu. Yalikuwa maji mazito, yana mafuta ya mbarika na unga wa mtama na mizizi nisiyoijua. Nilifumba macho akanipaka kipaji cha uso, kope na mashavu. Nilikuwa najivunia. Nilimwona baba akipita katikati ya risasi, ameloa tu.

Kufikia jioni uso ulikuwa unawaka. Kesho yake macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe na mashavu yanachuruzika maji. Nilimsikia mama akizunguka nyumbani, akiweka mtungi chini, akiuinua, akiuweka chini tena. Aliogopa kunigusa. Mume wake alikuwa njiani, na mwanawe alikuwa anapofuka mbele yake, na hakukuwa na la kufanya ambalo halikumkata moyo upande mmoja.

Mwoshaji alipoingia nilimjua kwa harufu ya ugoro. Aliketi. Hakunishika kidevu, na alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akikaa. Nilikuwa nalia kwa sauti ya chini, kwa sababu kulia kwa nguvu kulipasua ngozi. Kisha nikamsikia akimwambia mama, "Osha mchele."

Baba mkubwa aliwahi kufika kabla maji hayajawa tayari. Alisimama mlangoni.

"Mama, shikamoo," alisema, kwani hata katika hasira alikuwa mtu wa adabu. "Nimesikia unataka kumwosha huyu. Usithubutu. Ukimfuta dawa umewafuta wote walioko huko. Wa kwetu na wa kwako."

"Nimesikia sharti," alisema Mwoshaji. "Nilikuwapo liliposemwa."

"Basi damu yao itakuwa juu yako."

"Itakuwa juu yangu. Sasa toka mlangoni, unanizibia mwanga."

Aliniosha. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu dawa ilikuwa imegandamana na ngozi, na yeye hakukubali kusugua hata safari hiyo. Alibonyeza kitambaa, akasubiri, akakiondoa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuisikia ikitetemeka kabla ya hapo, nikadhani ni hasira za kugombana na baba mkubwa.

Macho yangu yalifunguka. Ninaandika haya kwa macho hayo hayo.

Baba hakurudi kutoka Mahenge. Wengi hawakurudi. Mtoto wa Mwoshaji hakurudi. Waliorudi walisema bunduki za bomani zilipiga kama mvua ya mawe na hakuna risasi iliyogeuka kitu. Lakini mtu aliyefiwa hataki kusikia kwamba dawa ilikuwa bure. Anataka kujua nani aliiharibu, na baba mkubwa alikuwa na jibu, tena alilisema hadharani. Mwoshaji aliulizwa mbele ya wazee. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwosha. Mtoto hakuomba na mama yake hakuomba." Hilo la mwisho halikuwa kweli, kwa maana kilio changu kilikuwa ombi, na mama ndiye aliyeosha mchele. Alitutoa wote wawili kwenye lawama kwa maneno machache, akachukua kibuyu chake akaenda.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita. Vichanga waliozaliwa walioshwa na shangazi zao. Mama hakumlaumu hata mara moja, wala hakumwita tena. Alikuwa mjane katika nyumba ya shemeji yake, na nyumba ile haikuwa yake kuamua. Kisha askari walichoma mpunga mashambani na maghala, ikaja njaa. Tulichimba mizizi ya porini. Mchele wa kula wenyewe haukuwapo, sembuse wa kuosha uso. Nilijiosha kwa maji matupu na nikashukuru hayo. Wakati fulani katika njaa ile tulisikia Mwoshaji amehama, amekwenda upande wa Mang'ula, chini ya milima, na hakuna aliyeagana naye.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, na mtoto wangu wa pili akatoka na ngozi yangu ile ile. Nilimwosha kwa maji ya pili ya mchele, nikajaribu kiwikoni kwanza, majirani wakacheka kisha wakaanza kuiga. Kila nilipoingiza kitambaa ndani ya maji yale nilimkumbuka. Basi siku moja wauza mchele kutoka Mang'ula walisema kuna bibi kizee kule, mwosha watu wa zamani, ngozi ya uso inamchubuka na kumwasha, na anamfukuza kila mtu anayetaka kumpaka dawa. Nilijua ni nani. Nilifunga mpunga mpya kwenye kitambaa, nikamwachia mama mkwe watoto, nikaondoka.

Nilimkuta ameketi mbele ya kibanda chake, amekuwa mdogo, pua bado ya kahawia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mke mwenzako."

Akanyoosha mkono, nikapiga magoti, akanishika kidevu na kupapasa uso wangu wote, kipaji, kope, mashavu, pole pole, anachelewa kwenye kope. "Hauna hata kovu," alisema. "Mume wetu ana bahati."

Nilitwanga mpunga pale pale, nikaosha mchele, nikawapa kuku wa jirani maji ya kwanza. Nikamwambia alete mkono. Nilipompaka ndani ya kiwiko alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na furaha ya mtoto. Jioni ile tulipika, nikamwambia niliyokuja kumwambia, yaliyokuwa yamenikaa kifuani tangu nilipokuwa mwali. Nilimshukuru. Nilimwambia kwamba katika bonde zima, watu wote walipodanganyika, yeye peke yake alijua dawa ile haina kitu, na kwa sababu alijua, mimi ninaona.

"Nani kakwambia nilijua?" aliuliza.

Nilirudisha tonge bakulini.

"Niliiamini," alisema. "Niliiamini kuliko baba yako mkubwa. Mwanangu nilimpaka kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudia mara ya pili kwa sababu nilihofia ya kwanza imekuwa nyepesi. Dawa zote nilizokupa wewe, mke mwenzangu, niliuliza mkono kwanza. Ile sikuuliza. Nilikuwa nataka iwe kweli."

"Sasa siku ile uliponiosha?"

"Siku ile nilikuosha nikijua namfuta mwanangu. Nilikaa pale nikatafuta njia nyingine. Sikuiona. Yeye alikuwa mbali na wewe ulikuwa mbele yangu unalia, na kitambaa nilikuwa nacho mkononi."

"Na sasa?"

"Sasa najua risasi ilikuwa risasi. Lakini miaka mingi sikujua."

Nilishindwa kula. Muda wote ule nilikuwa nimemshukuru kwa akili yake, na kumbe nilikuwa sijaanza kumshukuru. Yeye alinyoosha mkono akasogeza bakuli langu karibu nami, akaniambia nile, chakula kikipoa kinakuwa cha kuku.

Asubuhi alikuwa amekwisha kuamka, amekaa juani, mkono ameunyoosha mbele. Hapakuwa na wekundu wala kipele.

"Mkono umesema nini?" aliniuliza.

"Umekubali, bibi."

"Haya. Nioshe."

Nilitwanga na kuosha mchele mwingine, kwa maana maji ya jana yalikuwa yamelala. Niliyaacha yapate vuguvugu. Nikachovya kitambaa, nikakibonyeza kwenye shavu lake, na mikono yangu ikaanza kutetemeka, nikashindwa kuizuia, maji yakawa yanamdondokea kifuani. Nikamwomba radhi.

"Tetemeka tu, mke mwenzangu," alisema, macho ameyafumba. "Hata mimi siku ile nilitetemeka, na hukuumia."

Nikachovya kitambaa tena.